Je, Wajua? Kelele za Mashine Nazo ni Muziki

Ukienda kukoboa mpunga Usevya, lazima upaze sauti ndipo usikike mbele ya mashine. Wapo wanamuziki waliozitia kelele za namna hiyo studio, ukazaliwa muziki wa viwandani.

• Jina la mtindo huu lilitokana na Industrial Records, lebo iliyoanzishwa London mwaka 1976 na kundi la Throbbing Gristle.

• Einstürzende Neubauten, kundi lililoanza Berlin Magharibi mwaka 1980, hupiga mabomba, springi na vyuma chakavu. Hata drili zimepanda nao jukwaani.

• Afrika Mashariki nayo imo. Martin Khanja na Sam Karugu wa Nairobi, wakijiita Duma, walitoa albamu mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala: mayowe, gitaa linalokwaruza na ngoma za kompyuta.

• Kasi peke yake haitoshi kuufanya muziki uwe wa viwandani. Singeli ya Dar es Salaam huvuka mapigo 200 kwa dakika, lakini chimbuko lake ni mchiriku na vigodoro vya uswahilini. Katika muziki wa viwandani, kelele ndiyo malighafi ya wimbo wenyewe.