Tabia Njema Darasani: Mtoto Afunzwe Nini Hasa?



Mzazi akipokea ripoti ya mtoto kutoka shuleni, jicho lake huenda kwanza kwenye hesabu, kisha kwenye lugha. Pale palipoandikwa "tabia" hupita upesi. Akikuta neno "nzuri" anakunja karatasi na mambo yamekwisha. Lakini kwa mwalimu mwenye darasa lililojaa mpaka mlangoni, "tabia nzuri" mara nyingi huwa na maana moja tu: mtoto huyu hanisumbui. Katika makala hii tunataka kueleza kwa nini jibu hilo halitoshi, na kwa nini wenzetu wa Busasamana wana sababu kubwa kuliko wengine ya kuuliza zaidi.

Busasamana ni sekta ya Wilaya ya Rubavu, nchini Rwanda, chini ya milima ya volkano na karibu kabisa na mpaka wa Kongo. Wazee bado wanapaita Gisenyi, kwa jina la mkoa wa zamani. Watu wa huko hulima viazi, na wilaya hiyo hiyo ina chai ya Pfunda na kiwanda cha bia. Nchini humo shule nyingi za msingi ni mali ya makanisa, na serikali ndiyo inayowalipa walimu. Kwa hiyo mtoto husikia habari za kumpenda jirani tangu darasa la kwanza. Tena mtaala ulioanza mwaka 2016 unataka elimu ya amani na maadili ipite ndani ya masomo yote. Kwenye karatasi hakuna kilichopungua.

Ila hata zamani hakikupungua kitu kwenye karatasi. Kabla ya mwaka 1994 sehemu kubwa sana ya Wanyarwanda walikuwa wamebatizwa, na watoto waliijua katekisimu kwa moyo. Katika madarasa hayo hayo walimu waliwaamuru watoto wasimame kwa makundi, Wahutu kwao na Watutsi kwao, ili wahesabiwe. Mtoto asiyejua yeye ni nani alitumwa nyumbani akaulize. Nafasi za sekondari nazo ziligawanywa kwa hesabu hiyo. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza Aprili 1994, wengi walioshika mapanga walikuwa wamepita katika madarasa hayo, na mahali pengine watu waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia. Wauaji wengi hawakuwa wahuni waliokosa malezi ya shule. Walikuwa watu waliozoea kutii, na amri ilipotolewa walitii.

Hatusemi kwamba mafundisho ya dini ni bure. Hapo hapo Gisenyi alikuwako Félicité Niyitegeka, mtumishi wa Kanisa Katoliki aliyesimamia Kituo cha Mtakatifu Petro. Yeye alikuwa Mhutu. Aliwaficha Watutsi, akawasaidia wengine kuvuka kwenda Goma. Kaka yake, aliyekuwa ofisa wa jeshi, alimtaka aondoke ajiokoe. Akakataa kuwaacha watu wake, akauawa pamoja nao Aprili 1994. Katekisimu ilikuwa ile ile. Tofauti ni kwamba yeye aliielewa kuwa ni jambo la kutenda.

Yuko pia Agathe Uwilingiyimana, mwalimu wa kemia aliyepata kuwa waziri wa elimu mwaka 1992. Aliondoa ule mgawo wa kikabila, nafasi za shule zikatolewa kwa alama za mtihani. Aprili 7, 1994, akiwa waziri mkuu, aliuawa. Na tarehe 18 Machi 1997 wanafunzi wa sekondari ya Nyange, katika mkoa wa Kibuye wa wakati ule, walivamiwa usiku na kuamriwa wajitenge kwa kabila. Walikataa. Kadhaa waliuawa. Mwezi uliofuata, huko Muramba katika mkoa wa Gisenyi, wasichana wa shule walikataa vile vile na wakapigwa risasi. Agathe, Félicité na wanafunzi wa Nyange leo wamo katika orodha ya mashujaa wa taifa, daraja la Imena.

Je, mtoto wa miaka minane anayegombea kalamu ya risasi anahusikaje na mambo mazito kama haya? Anahusika sana, maana huwezi kungoja siku ya hatari ndipo uanze kumfundisha mtu kusema hapana. Ujuzi huo hujengwa kwa mambo madogo ya kila siku, kama mchuma chai anavyojifunza mkono wake kwa kuchuma na si kwa kusimuliwa.

Chukua kuomba radhi. Desturi ya madarasa mengi ni mwalimu kusema "mwombe radhi," mtoto anatamka neno, mchezo unaendelea. Hapo hakuna alichojifunza. Mwalimu anayejua kazi yake humtaka mkosaji aseme alichotenda, ni nani aliyeumia, na atakirudishaje: "Nilichukua kalamu yako, ukakosa kuandika. Kesho nitakuletea nyingine." Habari ya Zakayo katika Injili ya Luka inafaa hapa, kwa kuwa mtoza ushuru yule hakuishia kujuta, aliahidi kurudisha mara nne. Wape watoto waiigize, mmoja awe Zakayo, wengine wawe waliodhulumiwa wakidai haki yao. Utaona jinsi wanavyohesabu kwa makini!

Au chukua kazi ya vikundi. Mwalimu agawe kazi, mmoja asome, mmoja aandike, mmoja aseme mbele ya darasa, na kazi hizo zibadilike kila juma. Vikundi avichanganye yeye mwenyewe, asiwaache wajipange kwa majirani na ndugu. Kabla mtoto hajajibu, kwanza arudie aliyoyasema mwenzake. Jambo hilo huchosha siku za mwanzo, na wapo walimu wanaoliacha. Anayevumilia hupata darasa ambalo mtoto mnyonge naye anasikilizwa. Sisi tuliokaa katika mikutano ya chama ambamo watu watatu husema na mia hunyamaza tunajua thamani yake.

La mwisho ndilo gumu: mtoto aruhusiwe kumwambia mkubwa, kwa heshima, kwamba jambo fulani si haki. "Mwalimu, samahani, si yeye aliyepiga kelele." Mwalimu akimchapa kwa neno hilo, au baba akimfokea nyumbani kwa kuwa yeye naye ameshinda akifokewa na nyapara, mtoto anajifunza kwamba usalama ni kunyamaza. Kinyarwanda kina methali, uburere buruta ubuvuke, yaani malezi yanashinda kuzaliwa. Malezi hayo ni kazi ya nyumba na shule pamoja.

Kwa hiyo kikao cha wazazi kikiitishwa, ndugu, usiulize alama tu. Uliza darasa lina vikundi vya namna gani, nani huchagua kiranja, na wakigombana wanapatanishwaje. Wenye zamu ya usiku mwombe ruhusa mapema kwa msimamizi, au mkubaliane mmoja wenu aende kwa niaba ya wengine na alete majibu.