Mlingoti wa mita 12 kwenye mwinuko wa Igogo

Igogo, kata ya Wilaya ya Nyamagana jijini Mwanza, imekaa kando ya Ghuba ya Mwanza, na nyumba zake nyingi zimepanda kilima katikati ya majabali ya matale. Nyumba iliyojificha nyuma ya jabali hukosa mawimbi ya runinga au ya intaneti, na mwenye nyumba hubaki na njia moja: kuipandisha antena juu. Fundi wa kuchomelea anaitwa, anaunga mabomba mawili ya inchi 2, kila moja la mita 6, na mlingoti umepatikana. Kuunga ndiyo kazi nyepesi. Kuusimamisha ndiko kunakoua.

Tuanze na upepo. Dhoruba ya kilomita 108 kwa saa hukisukuma kila kipande cha mita moja ya mraba kwa nguvu ya takriban niutoni 550. Bomba hilo lina upana wa milimita 60 tu, kwa hiyo mlingoti mzima unasukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 50 hivi. Ni kidogo, mtu angesema. Lakini msukumo huo unafanya kazi kwa wenzo wa mita 6 kutoka kwenye kitako, na hapo chuma chenye unene wa milimita 3.6 hupata mkazo wa zaidi ya niutoni 300 kwa kila milimita ya mraba. Chuma cha kawaida huanza kupinda moja kwa moja kwenye 235. Antena yenyewe bado hatujaihesabu! Na kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne.

Ndiyo maana mlingoti wa namna hii hausimami bila nyaya za kuushikilia, zile mafundi wanazoziita stei, zikiwa nne kuzunguka pande zote na zikifungwa katika ngazi mbili za urefu wake. Kiungo cha mabomba nacho kiwekewe ndani kipande cha bomba jembamba kabla ya kuchomelewa. Kuunganisha midomo miwili kwa weldi peke yake hakutoshi.

Njia nzuri ya kuusimamisha ni kuufunga kitako kwa bawaba iliyoshikwa na zege, kuulaza chini, kisha kuuvuta kwa winchi. Hapa kuna jambo linalowapita wengi: mvutano mkubwa kuliko wote huwa mwanzoni, mlingoti ukiwa bado umelala. Bomba la mita 12 lina kilo 60 hivi. Likibeba antena ya kilo 10 kileleni, kamba inayovutwa karibu sambamba na ardhi haiunyanyui, inaukokota tu. Dawa yake ni nguzo msaidizi ya mita 4, iliyosimamishwa wima kwenye bawaba na kufungwa kwa kamba hadi juu ya mlingoti. Winchi ikiwa mita 4 kutoka kitako, itavuta takriban kilo 170. Nguzo hiyo ikifupishwa hadi mita 2, mvutano unapanda hadi karibu kilo 270, na kila fundo na kila boliti lazima vistahimili hilo.

Mlima wa Igogo unaleta hesabu nyingine, na hii ndiyo ya kuogopwa zaidi. Stei za pembeni zinapaswa kuwa na nanga zilizo kwenye mstari mmoja na pini ya bawaba, kwa usawa uleule. Kwenye mteremko, nanga moja huwa juu na nyingine chini. Chukua stei iliyofungwa mita 10 kutoka kitako, nanga yake ikiwa mita 6 pembeni. Nanga ikiwa chini ya bawaba kwa mita 2, waya uliokuwa na mita 11.8 mlingoti ukiwa umelala utahitaji mita 13.4 ukisimama. Usipolegezwa, utakatika au utauvuta mlingoti upande wake. Wa upande wa juu, kwa wakati huohuo, unalegea kwa karibu mita 1.8 na haushikilii kitu. Kwa hiyo kila stei ya pembeni iwe na mtu wake wa kuilegeza au kuikaza hatua kwa hatua, na stei ya nyuma ifungwe kabla ya kuanza, ili mlingoti ukifika wima usiwaangukie wavutaji.

Hata mabingwa hukosea. Desemba 1982, huko Missouri City, Texas, mafundi watano walikufa wakipandisha antena kwenye mnara wa zaidi ya mita 500. Kamba ingegonga sehemu za pembeni za antena, hivyo wakafunga kipande cha chuma cha kuisogeza nje. Nguvu ya wenzo iliyoongezwa na kipande hicho haikuhesabiwa sawasawa. Boliti zikakatika, mzigo ukapiga stei, mnara wote ukaporomoka.

Kisha kuna radi. Mtafiti wa tabianchi Wim Thiery na wenzake walionyesha mwaka 2016 jinsi Ziwa Victoria linavyozalisha dhoruba kali za usiku, pepo za nchi kavu zinapokutana juu ya maji yenye joto. Matale makavu hayapitishi umeme vizuri, na ethi rodi, ile fimbo ya kupeleka umeme wa radi ardhini, haipenyi jabali. Kwa hiyo utepe wa shaba uteremshwe kutoka kwenye mlingoti hadi kwenye udongo wenye unyevu. Ngurumo ikisikika, hata kwa mbali, kazi isimame na watu waondoke.

Mwisho, tazameni nyaya za umeme za TANESCO kabla ya kuchimba shimo. Baadhi hubeba volti 11,000 au 33,000, na bomba likizigusa, umeme unapita kwa kila aliyeshika stei. Mlingoti wa mita 12 uwe angalau mita 18 kutoka kwenye nyaya hizo. Kiwanja kikiwa hakina nafasi hiyo, msiusimamishe hapo.