BARABARA IKIZIBA, DAWA HAZIFIKI

Ndugu msomaji, watu wengi hudhani kufungua barabara ni kazi ya greda tu. Mimi ni mganga msaidizi wa kijijini. Nakuambia kwamba hiyo ni kazi ya afya pia.

Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang mkoani Manyara ilimeguka. Tope, mawe na magogo viliteremka mpaka mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Nyumba zilifukiwa. Barabara nazo zilizibwa na tope na miti iliyong'oka. Wanajeshi walikwenda na mitambo kutafuta watu na kuondoa tope.

Lakini mitambo hutoka mbali. Saa za kwanza ni zenu ninyi wenye majembe. Mfanye nini?

Msianze na barabara nzima. Fungueni kwanza njia ya miguu ambayo machela inaweza kupita. Machela ni miti miwili na blanketi imara. Majeruhi na wajawazito watoke, dawa na maji safi yaingie. Kisha panueni njia mpaka gari lipite. Tope msilitupe kwenye mtaro. Mtaro ukiziba, mvua ya kesho itawarudisha mlikoanza. Mkiona nguo kwenye tope, au mkisikia sauti, wekeni majembe chini. Chimbeni kwa mikono, polepole. Huenda huyo ni jirani yenu, na yu hai.

Waya wa umeme ukianguka, msiuguse, wala msiguse mti ulioangukia waya huo. Mwekeni mtu mmoja wa kutazama mlima. Akisikia mngurumo, apige kelele, nanyi mkimbilie pembeni penye mwinuko. Msikimbie kufuata bonde.

Vaeni viatu. Tope huficha mabati, misumari na chupa. Ukikatwa, osha jeraha kwa maji safi na sabuni. Lifunike kwa kitambaa safi. Kisha nenda zahanati upesi, uulizie chanjo ya pepopunda. Usipake udongo, wala kinyesi cha ng'ombe, wala oili ya gari. Nimewaona waliopaka.

Je, barabara bado imefungwa, na mtoto anaharisha? Chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Tia sukari vijiko vidogo 6 vya kusawazisha na chumvi nusu kijiko kidogo. Usizidishe chumvi. Mnyweshe kidogo kidogo, na mama anayenyonyesha aendelee kunyonyesha. Njia ikifunguka, mpeleke zahanati.

Ndugu msomaji, maafa si lazima yawe makubwa kama ya Hanang. Katika kijiji nilichoanzia kazi, upepo uliangusha mti mmoja barabarani. Tuliuruka siku mbili. Wenye baiskeli walizibeba juu ya mti, wakaendelea na safari. Kila mtu alisema wakubwa wa barabara watakuja kuukata. Hata mimi nilisema hivyo.

Usiku wa tatu mama mmoja alishikwa na uchungu, na mtoto alikuwa amelala vibaya tumboni. Gari la wagonjwa lilikuja. Taa zake tuliziona upande wa pili wa mti. Tulimbeba mama juu ya kitanda cha kamba, gizani, tukimpitisha shambani kwa watu. Mvua ilikuwa inanyesha. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Kulipokucha, wanaume sita waliukata mti ule kwa msumeno wa kuazima. Kabla ya saa nne walikuwa wamemaliza.

Sasa zahanati ile ina msumeno wake, mashoka mawili na kamba ndefu. Vipo nyuma ya mlango wa stoo. Ufunguo mmoja anao mganga, na wa pili anao mwenyekiti wa kitongoji.