"Upya" na "Udhahiri" katika Lugha ya Hataza

Sheria ya Hataza ya mwaka 1987 yataka uvumbuzi uwe mpya, na tena usiwe dhahiri kwa mjuzi wa fani inayohusika. Mfasiri akiandika "usiojulikana" mahali pa "usio dhahiri", masharti mawili huwa moja.

Tuchukue mfano. Karani wa mizigo mjini Moshi hupima kifurushi cha kahawa iliyoteremshwa kutoka Kibosho, hutazama umbali kiendako, kisha hutaja bei ya kukisafirisha. Mtu akiitungia hesabu hiyo programu ya kompyuta, yawezekana programu yenyewe haijapata kuonekana popote. Basi ni mpya. Lakini mjuzi wa kawaida angeitunga bila taabu. Basi ni dhahiri. Katika shauri la KSR na Teleflex, mwaka 2007, Mahakama ya Juu ya Marekani ilieleza kwamba kuunganisha mambo yajulikanayo na kupata tokeo linalotazamiwa huelekea kuwa jambo dhahiri.

Neno "usiojulikana" lingempa mwombaji huyo haki asiyostahili, na karani angedaiwa malipo kwa hesabu yake ya kila siku. Kwa hiyo tunapendekeza istilahi hizi zitenganishwe, na mfasiri ajiulize daima: dhahiri kwa nani?