Ukimya wa Mtaalamu Si Kibali

Kila rasimu ya mwongozo wa kutekeleza miradi ya barabara kidijitali inapokaribia kukamilika, huulizwa swali lilelile: tuitume kwa wataalamu wangapi? Limeulizwa mno, na kila mara hujibiwa kwa namba: hamsini, mia, au wote waliomo kwenye orodha ya barua pepe. Kisha faili la kurasa mia mbili hutumwa pamoja na jedwali la maoni, wiki tatu hutolewa, majibu machache hurudi, na katika utangulizi wa mwongozo huandikwa kwamba wadau walishirikishwa na hakuna pingamizi kubwa lililopokelewa. Swali hilo limekosewa tangu mwanzo, na wanaolipia kosa hilo ni watu wa saiti ambao hawakuulizwa chochote.

Tuitazame Marekani, ambako kazi hii imekwenda mbali. Oktoba 2019, AASHTO, muungano wa idara za barabara za majimbo, ulipitisha azimio la kuifanya IFC, muundo wa data za modeli za ujenzi, iwe mpangilio wa pamoja wa kubadilishana data za kihandisi. Sheria ya miundombinu ya 2021 ikatenga dola milioni 100 kwa miaka mitano kwa ajili ya mifumo ya kidijitali ya kusimamia ujenzi. Idara za majimbo zinaandika miongozo: modeli ya pande tatu itayarishwe vipi, ikabidhiwe kwa nani, mkandarasi aitumieje kuongoza greda, mkaguzi aipokeeje kazi iliyokamilika bila kubeba michoro ya karatasi. Miongozo hii ni maagizo ya kutenda. Mtu aliyekaa ofisini anaweza kuusoma mwongozo wote, akakubaliana na kila sentensi, na bado ukakwama siku faili la kwanza linapofunguliwa na mtu mwingine kwenye programu nyingine.

Chukua sentensi fupi isiyo na ubishi: vipimo vyote vitolewe kwa futi. Mkurugenzi ataipitisha, mwanasheria ataipitisha, na mhandisi aliyebobea katika lami ataipitisha pia. Mpima ardhi peke yake ndiye atakayeuliza ni futi ipi, kwa sababu Marekani ilikuwa nazo mbili. Futi ya upimaji ilikuwa mita 1200/3937. Futi ya kimataifa ni mita 0.3048 kamili. Tofauti kati ya hizo mbili ni sehemu mbili katika milioni, na kwa urefu wa daraja moja huwezi kuiona. Lakini mifumo ya ramani ya majimbo hutumia namba za mamilioni ya futi kutoka mahali pa kuanzia, na penye futi 2,000,000 kosa hilo linafika futi nne, yaani zaidi ya mita moja. Greda linaloongozwa na setilaiti litachonga tuta mahali lilipoambiwa, hata kama ni nje ya hifadhi ya barabara. Taasisi za serikali kuu zinazosimamia vipimo na upimaji ziliacha rasmi futi ya upimaji mwishoni mwa 2022, lakini ramani na mafaili yaliyotengenezwa kabla ya hapo hayakujibadilisha yenyewe. Wahakiki mia wasio wapima wangepitisha sentensi ile mara mia. Mpima mmoja aliyepewa faili na kuambiwa aliingize kwenye chombo chake angeikwamisha asubuhi ya kwanza.

Sasa tuingie kwenye imani yenyewe, kwamba aliyenyamaza amekubali. Ina mashiko kwa sababu inampa mwandishi wa mwongozo ruhusa ya kumaliza kazi. Lakini tazama ni nani hunyamaza na kwa nini. Mkandarasi hunyamaza kwa sababu anayemwomba maoni ndiye atakayepima zabuni yake ijayo. Kuandika kwa jina la kampuni kwamba sura ya nne haitekelezeki ni kujitangaza kuwa mgumu wa kufanya naye kazi. Anaweza pia kunyamaza kwa hesabu, kwa kuwa sentensi yenye utata akiiona mapema kuliko wenzake humsaidia kupanga bei leo na kudai fidia kesho. Mhandisi kijana katika idara hunyamaza kwa sababu bosi wake ameshasifu rasimu. Mkaguzi wa saiti hunyamaza kwa sababu barua pepe haikumfikia, au ilimfikia akiwa na zamu mbili na hakuna anayemlipa kusoma. Fundi nondo hayumo kwenye orodha kabisa. Na anayejibu kwa kurasa nyingi, kwa haraka na kwa lugha safi, mara nyingi ni muuzaji wa programu, ambaye ana sababu ya wazi ya kutaka mwongozo ufanane na bidhaa yake. Kwa hiyo ukimya haugawanyiki sawasawa kati ya wanaojua na wasiojua. Unazidi hasa kwa wale watakaoutumia mwongozo kwa mikono yao. Kuuhesabu kuwa ridhaa ni kuwapa kura wasiojali na kuwanyang'anya walio na jambo la kusema. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na katika ujenzi mshindo huo huja kama dai la fidia baada ya mkataba kutiwa saini.

Wanaotambua udhaifu huo hukimbilia dawa ya pili, nayo ni bandia vilevile: kuwataka wataalamu wape kila sura alama kati ya moja na tano, kisha kutafuta wastani. Wastani wa 4.2 hauna maana yoyote hapa. Mwongozo wenye vifungu arobaini vizuri na kimoja kisichosema ni kipi kinatawala, modeli au michoro, pale vinapopingana, utapata alama za juu na kuzaa mgogoro uleule wa fidia. Hili linawahusu moja kwa moja wasomaji wa Tanzania na Kenya, ambako barabara nyingi zinazogharimiwa na mabenki ya maendeleo hujengwa kwa mikataba ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri. Mkataba wao wa ujenzi, Kitabu Chekundu cha 1999, unapanga nyaraka kwa ngazi, maelezo ya kiufundi yakiwa juu ya michoro, na modeli ya kidijitali haimo kwenye orodha hiyo. Anayeazima mwongozo wa nje bila kuziba pengo hilo ameazima nusu ya kazi. Baadhi hutetea alama kwa kuitaja mbinu ya Delphi, ambayo Norman Dalkey na Olaf Helmer wa taasisi ya utafiti ya RAND waliielezea mwaka 1963. Watetezi hao wangeisoma kwanza. Mbinu ile ilibuniwa ili kukusanya makadirio ya wataalamu kuhusu mambo yasiyoweza kupimwa moja kwa moja, na nguvu yake ilikuwa kuficha majina na kurudisha sababu za kila mtu kwa wenzake, raundi baada ya raundi. Ukibakiza alama na kutupa sababu umebakiza maganda. Zaidi ya hapo, kama faili linafunguka au halifunguki si jambo la kukadiria, kwa kuwa unaweza kulifungua ukaona.

Ushahidi unaofaa kwa maagizo ni mtu kuyatekeleza. Wahandisi wa intaneti waliliandika hilo zamani: kanuni zao za mwaka 1996 zilidai kwamba kiwango hakipandi ngazi mpaka kuwe na utekelezaji walau wa aina mbili, uliofanywa na watu tofauti na unaoweza kuwasiliana wenyewe kwa wenyewe. Hawakuuliza wangapi wamekipenda. Katika barabara mfano unaostahili kuangaliwa ni daraja la Randselva huko Norway, lenye urefu wa mita 634, lililojengwa kwa modeli bila michoro. Pale fundi nondo alisoma modeli, na kama maelezo ya nondo yamekaa vibaya ndani yake, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua. Huyo ni mtaalamu kwa kila kipimo kinachohusika na sura ya nondo, awe na shahada au asiwe nayo.

Hujibiwa kwamba wingi wa maoni huupa mwongozo uhalali. Kwa kanuni yenye nguvu ya sheria nakubali. Ndiyo maana sheria ya Marekani ya 1946 inataka serikali kuu itangaze rasimu ya kanuni na kusikiliza umma. Wananchi wana haki ya kusikilizwa juu ya kitakachowabana. Lakini haki ya kusikilizwa na uthibitisho kwamba maagizo yanafanya kazi ni mambo mawili, na la kwanza halilipi deni la la pili. Hujibiwa pia kwamba wachache hawawezi kuwakilisha wengi. Hawatakiwi kuwakilisha idadi ya watu, wanatakiwa kuwakilisha kazi zote. Jakob Nielsen na Thomas Landauer walionyesha mwaka 1993, kwa mifumo ya kompyuta, kwamba watumiaji wachache wa mwanzo hufichua sehemu kubwa ya matatizo na kila anayeongezwa huleta machache mapya. Sharti ni kwamba kila kazi iwe na mtu wake: wapima watatu hawawezi kujaza nafasi ya mkadiriaji majenzi. Na gharama? Nusu siku ya watu, tuseme, kumi na wawili wa kuujaribu mwongozo ni ndogo mbele ya dai moja la mkandarasi.

Basi fanya hivi. Gawa rasimu, kila mtu apewe sura ya kazi yake tu. Tengeneza faili la mfano, kilomita moja ya barabara yenye kalavati moja na makutano mamoja, utie humo makosa kwa makusudi uone kama anayefuata mwongozo atayakamata. Usiulize unaonaje, mwambie apime, akadirie, apange bei, akague, kisha aonyeshe alipokwama. Walipe. Wakandarasi wahojiwe na mtu asiye wa idara, majina yafichwe. Asiyependa kuandika apigiwe simu. Asiyejibu aandikwe kuwa hakujibu. Kila hoja ipewe jibu la maandishi, pamoja na zilizokataliwa na sababu zake. Wataalamu wakishindwa kukubaliana, chapisha pande zote mbili. Rudia jaribio baada ya mradi wa kwanza, na kifungu ambacho hakikupata mtu wa kukijaribu kichapishwe kikiwa na alama pembeni kwamba hakijajaribiwa.