Dunia Isiyo na Nyasi

Aghalabu riwaya zinazosimulia kuanguka kwa ustaarabu huanza kwa mabomu au kwa maradhi yanayoua wanadamu. Riwaya ya Mwingereza John Christopher, The Death of Grass, yaani Kifo cha Nyasi, iliyotolewa mwaka 1956, yafuata njia nyingine. Humo maradhi hayamgusi mwanadamu hata kidogo. Yanaua nyasi tu. Miongoni mwa hadithi za sayansi za namna hii, hii yastahili nafasi ya kwanza katika maktaba ya shule.

Kisa chaanzia Asia, ambako kirusi kipya chaangamiza mpunga na njaa kubwa yazuka Uchina. Wataalamu wanatengeneza dawa. Dawa hiyo yazishinda aina kadhaa za kirusi, lakini aina moja yasalia, nayo yashambulia jamii nzima ya nyasi. Uingereza yakosa ngano na shayiri, na ng'ombe wakosa malisho. Mhandisi John Custance aondoka London pamoja na jamaa na rafiki zake, akielekea bonde la ndugu yake huko kaskazini, ambako viazi vimepandwa. Njiani, watu waliokuwa waungwana wanaua ili wapate chakula.

Huenda msomaji akauliza: nyasi zikifa, pana hasara gani? Jibu ni kwamba mpunga, ngano, mahindi, mtama, uwele, ulezi na hata miwa ni mimea ya jamii ya nyasi. Mahindi, mpunga na ngano peke yake huwapa wanadamu zaidi ya nusu ya nishati waipatayo kutoka katika mimea. Muhogo, viazi, ndizi na maharage havimo katika jamii hiyo.

Je, jambo hilo laweza kutokea? Kwa ukamilifu wake ni vigumu, kwani kwa kawaida kila kirusi cha mimea huwa na mimea yake maalumu, na jamii ya nyasi ina spishi zaidi ya 10,000. Hata hivyo, kisa hiki si ndoto tupu. Virusi hubadilika kadiri vinavyozaliana. Kutu ya shina la ngano iitwayo Ug99, ambayo husababishwa na kuvu, iligunduliwa Uganda mwaka 1998, ikashinda kinga ya aina nyingi za ngano zilizotegemewa duniani. Mwaka 2011 mahindi ya Bomet, Kenya, yalikauka kwa kushambuliwa na virusi viwili kwa pamoja. Mwaka 2012 ugonjwa huo ukaonekana Tanzania.

Mwalimu aweza kuwaagiza wanafunzi waorodheshe vyakula walivyokula kwa juma moja, kisha wafute kila kitokanacho na nyasi, pamoja na nyama na maziwa ya wanyama walao nyasi. Wakiitazama orodha itakayobaki, watatambua kwa nini ndugu yake Custance alipanda viazi mapema, na kwa nini mkulima mwenye busara huotesha muhogo kando ya mahindi.