Je, Wajua? Namba 1 Kwenye Menyu, Sifuri kwa Java

Chakula cha kwanza ni namba 0
Panga vyakula vitatu kwenye safu ya Java, lugha ya kuandikia programu: chai, chapati, maharage. Kwa Java, chai ni 0, chapati ni 1, maharage ni 2. Namba hizo hupima umbali kutoka mwanzo wa safu, na kuifikia chai huhitaji kuruka chochote. Ni kama lifti za majengo ya mjini: ukiingia kutoka mtaani uko G, na 1 iko juu ya kichwa chako. Mteja, bila shaka, hataki kusoma "0. Chai". Basi programu huongeza 1 kabla ya kuonyesha menyu, kisha huiondoa 1 hiyo mteja akishachagua.

Alama ya kujumlisha hugoma kujumlisha
Hiki ndicho kioja ninachokipenda kuliko vyote. Chukua i kuwa ile namba ya Java inayoanzia 0, kisha andika "Namba " + i + 1, ukitarajia 1, 2, 3. Kioo kitakuletea Namba 01, Namba 11, Namba 21. Vyakula vitatu tu, na tayari tuna namba 21!

Java husoma mstari huo kutoka kushoto kwenda kulia. Ikishakutana na maneno yaliyo ndani ya alama za kunukuu, + huacha hesabu na kuanza kuunganisha: 0 inabandikwa kando ya 1. Weka mabano, (i + 1), na hesabu hufanyika kwanza. La ajabu zaidi, ukiandika i + 1 + ". Chai" bila mabano yoyote, jibu linatoka sahihi, kwa kuwa namba mbili zimekutana kabla maneno hayajafika.

Kosa lenye jina la herufi 30
Mteja akiomba namba 4 kwenye menyu ya vyakula vitatu, na programu isihakiki, Java hugoma na kutangaza ArrayIndexOutOfBoundsException. Jina ni refu, lakini lina faida: katika lugha ya C programu inaweza kuendelea kimyakimya na kusoma kumbukumbu isiyoihusu.

Sifuri ilipata wakili wake
Agosti 1982, Mholanzi Edsger Dijkstra, mmoja wa vigogo wa sayansi ya kompyuta, aliandika hoja fupi kueleza kwa nini kuhesabu kuanzie sifuri. Si wote walioshawishika. Lugha ya Fortran, iliyotoka 1957, huanzia 1 usipoiambia vinginevyo, na lugha za R na Lua nazo huanzia 1.

Menyu ya simu ina herufi 182 tu
Anayebonyeza *150*00# kutafuta M-Pesa Tanzania anaijua menyu ya namba vizuri kuliko wanafunzi wengi wa kompyuta. Ujumbe mmoja wa USSD, mfumo unaoleta menyu hizo, hubeba hadi herufi 182, nafasi tupu zikiwemo. Ndiyo maana vipengele vyake ni vifupi hivyo, na orodha ikiwa ndefu hukatwa vipande.

Kahawa ndani ya kila faili
Kila faili ya Java iliyokwisha kutafsiriwa kwa ajili ya mashine huanza na alama nane zilezile: CAFEBABE. Menyu yako ya chai nayo imo humo, chini ya jina la kahawa.

Menyu ndefu kuliko zote
Urefu wa safu ya Java hauwezi kuzidi 2,147,483,647. Ukionyesha kipengele kimoja kila sekunde, utafika mwisho baada ya miaka 68 hivi. Na kipengele cha mwisho, baada ya kuongezewa ile 1 yetu, kitaangukia palepale kwenye namba kubwa kabisa ambayo int, aina ya namba kamili katika Java, inaweza kuibeba. Ongeza 1 nyingine, na Java itakuonyesha -2,147,483,648.